Mwaka Nilipotolewa kwenye Hesabu

Wiki iliyopita kazi ilinipeleka Nguba, kando ya ziwa hapa Bukavu, kwenye avenyu tuliyokaa nilipokuwa mdogo. Nilikuwa nimefika mapema, nikashuka kwenye pikipiki, nikatembea polepole kama mtu aliyepoteza funguo. Nina tabia moja mbaya ambayo mume wangu hunicheka kwayo: huwa nachungulia kamba za nguo za watu. Kamba ya nguo haidanganyi. Itakuambia nyumba ina watu wangapi, wana umri gani, na ni nani kati yao bado anakojoa kitandani. Siku hiyo nilipita mageti kumi na moja na nikaona kamba moja tu, na juu yake kulikuwa na vitambaa vya meza vya hoteli. Hakuna nepi, hakuna kaptula yenye kiraka, hakuna hata soksi moja ndogo iliyopotewa na mwenzake. Nilisimama pale nikasikiliza, nikasikia jenereta na ndege. Roho iliniuma. Halafu nikaanza kucheka peke yangu barabarani, kwa sababu nilikumbuka kwamba mimi ndiye mtu pekee aliyewahi kuijaza avenyu ile watoto kwa alasiri moja.

Kabla ya hapo ilikuwa inajaa yenyewe. Nyumba zilikuwa kubwa, za zamani, zenye bustani zinazoteremka kuelekea ziwa, na ndani ya kila moja mlikuwa na familia mbili au tatu: ya mwenye nyumba, ya mdogo wake, na ya shangazi aliyekuja kwa wiki moja akakaa miaka minne. Sisi tulipanga upande wa nyuma wa nyumba mojawapo, vyumba vitatu vyenye harufu ya parafini na ya avoka zilizoivia chini ya vitanda. Papa alifundisha sekondari. Mama alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikaa karibu na dirisha ili aone nani anampiga nani. Mida ya alasiri, sambaza, vile visamaki vya ziwani, zilipoanza kukaangwa, sisi watoto tulijua tutakula wapi kwa kufuata pua. Hatukujua kubisha hodi, na hakuna aliyetuuliza wewe ni wa nani, kwa sababu mkono uliokuwa karibu na sahani ndio uliokuwa na njaa.

Kisha tukaanza kupungua. Wakubwa walijua sababu. Vijijini kulikuwa kumeharibika, mashirika ya misaada yakaja mjini kwa wingi, mashirika yakataka nyumba kubwa karibu na ziwa, na wenye nyumba wakaona mashirika hayana watoto wa kuchora ukutani. Mimi hakuna aliyenieleza. Nilichokiona ni kwamba asubuhi moja lori linasimama, magodoro yanapanda, na baada ya siku chache geti linapakwa rangi mpya na mbele yake anakaa sentineli, yaani mlinzi. Rafiki yangu Nadine, wa nyumba ya jirani, aliondoka namna hiyo nilipokuwa likizoni kwa bibi yangu, kule Kalehe. Niliporudi nilikuta geti lao limefungwa. Nikamwuliza mama yangu alikokwenda Nadine. Mama alikuwa na pini nne mdomoni, akaweza kusema neno moja tu, "Bameenda," kisha akaendelea kushona.

Mtoto asipopewa maelezo hujitengenezea yake, na mimi nilikuwa na vifaa vya kutosha. Nilikuwa na Maman Régine na chaki yake.

Watu wa rika langu wanawakumbuka wale akina mama wa chanjo. Maman Régine alikuwa wetu, mama mnene mwenye sauti ya kwaya, aliyepita nyumba kwa nyumba kila kampeni ilipotangazwa kanisani. Alibeba begani sanduku dogo la barafu, na kofia yake nyeupe ilikuwa imefuliwa na kupigwa pasi kama ya daktari. Alikuwa wa kujitolea, lakini kazi ile aliiheshimu kuliko watu wengi wanavyoheshimu ajira. Ukifungua mdomo, alikudondoshea matone mawili machungu kidogo, alikupaka wino wa zambarau kwenye kidole kidogo cha mkono wa kushoto, halafu aligeukia geti na kuandika kwa chaki tarakimu moja kubwa, idadi ya watoto aliowachanja humo. Alihesabu walio chini ya miaka mitano peke yao. Hilo la miaka mitano ndilo ambalo sikulijua.

Nilichokijua ni mageti. Nilikuwa mwaka wa mwisho wa chekechea, nimetoka kujifunza tarakimu, na kama kila anayejua kitu kipya nilikuwa nasoma kila kilichoandikwa. Kwenye geti la kina Nadine niliwahi kuona tatu: Nadine, Christian na kitoto kichanga. Kampeni iliyofuata ikaandikwa mbili, kwa sababu Nadine hakupewa matone. Alinionyesha kidole chake kisicho na wino, amekunja uso. Kampeni iliyofuata ikaandikwa sifuri, na kina Nadine hawakuwepo tena. Nyumba ya ng'ambo ya barabara ilikuwa vilevile: nne, mbili, sifuri, sentineli. Ukiyatazama kwa macho ya mtoto wa miaka mitano na kidogo, mambo yalikuwa wazi kabisa. Maman Régine alianza kwa kupunguza mmoja au wawili, kisha wote wakapotea. Wala sikumchukia. Niliona tu kwamba ana chaki yenye nguvu kuliko watu wote.

Basi siku moja akaja kwetu. Mdogo wangu Mugisho, mwenye miaka miwili, alilia, akafunguliwa mdomo, akapata matone yake. Mimi nilikuwa nimeshasimama nyuma yake kwenye foleni ya mtu mmoja, ulimi nje.

"Ni bangapi sasa, Maman Mapendo?" Maman Régine alimwuliza mama.

"Iko moja tu, huyu mudogo," mama akajibu bila kuondoa macho kwenye cherehani.

Moja tu. Nilisimama pale na ulimi wangu nje, nikamsikia mama yangu mwenyewe akisema moja tu. Maman Régine alinipiga shavuni kidogo, akasema, "Weye ushakuwa mukubwa, Mapendo, hii si yako tena." Labda aliona macho yangu yamejaa, kwa maana aliingiza mkono mfukoni akanipa kipande cha chaki kilichobaki, nichezee. Halafu akaandika moja kwenye geti letu, mahali ambapo siku zote palikuwa pameandikwa mbili.

Na kama vile hilo halitoshi, jioni hiyo hiyo, wakati wa ugali, papa alimwambia mama kwamba mwenye nyumba anataka nyumba yake mwisho wa mwezi. Walizungumza kwa sauti ndogo, wakidhani watoto wakitafuna hawasikii. Papa akasema, "Mapendo tumutume kwanza kwa shangazi yake, kule Bagira, mupaka tupate fasi ya kukaa." Nikameza tonge bila kulitafuna. Kumbe tayari nilikuwa naondolewa. Nilikuwa nimeshatoka getini, sasa natoka mezani. Sijawahi kuogopa hivyo tena, na nimeishi Bukavu maisha yangu yote, kwa hiyo najua ninachosema.

Kesho yake alasiri, mama akiwa anampimia mteja gauni, nilitoka na chaki yangu. Ile moja ya geti letu niliigeuza nne, ni mistari miwili tu. Hapo nilijisikia nafuu mara moja, kama mtu aliyefunga mlango mvua ikianza. Ningeishia hapo ningekuwa mtoto mwenye akili. Lakini nikageuka nikaona sifuri ya kina Nadine, na roho yangu ikawa kubwa. Sifuri ukiiongezea sifuri nyingine chini yake inakuwa nane. Nikawapa kina Nadine watoto wanane. Nikavuka barabara nikawapa wale wa ng'ambo wanane pia. Nilishuka avenyu nzima hivyo, moja zikawa nne, sifuri zikawa nane, kwa sababu hayo ndiyo mageuzi niliyoyaweza. Niliporudi nyumbani gauni langu la bluu lilikuwa jeupe kifuani, na nililala usingizi mzuri, nikingoja watu warudi.

Aliyekuja ni msimamizi wa chanjo. Asubuhi yake kijana mmoja mwenye miwani, karatasi mkononi, alianza kukagua mageti kama alivyokuwa akifanya kila baada ya kampeni, kulinganisha chaki na karatasi. Geti la kwanza lilikuwa la kina Nadine wa zamani, ambako sasa kulikuwa na shirika. Sentineli wake alikuwa tonton Deo, mjomba wa watoto wote, mtu wa Luhwindja asiyejua kunyamaza.

"Humu bameandika batoto munane," msimamizi akamwambia. "Bako wapi?"

"Munane?" tonton Deo aligeuka kutazama geti lake mwenyewe. "Patron, humu kuko maordinateri, zile kompyuta zabo, na jenereta. Kama jenereta njo mutoto, basi andika moja, na inalia usiku muzima."

Geti la pili alikaa mjane mzee, peke yake na paka. Alipoambiwa ana watoto wanane wa chini ya miaka mitano alishika kiuno. "Mie? Ku myaka yangu? Basi munionyeshe na baba yabo!" Watu waliokuwa wametoka kutazama wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nami nilicheka, nikiwa nyuma ya kikwembe cha mama, kile kitambaa cha kiunoni, kwa sababu niliona wakubwa wanafurahi na nikadhani chaki imeanza kufanya kazi.

Msimamizi hakucheka. Aliagiza Maman Régine aitwe, na alipofika na kofia yake nyeupe akamsimamisha katikati ya barabara, mbele ya kila mtu. Karatasi zinasema watoto sita, mageti yanasema karibu hamsini. Ama aliwaacha watoto bila chanjo akaficha, ama alibuni watoto wasiokuwepo. Lipi kati ya hayo? Alisema mtu wa namna hiyo hawezi kuendelea na kazi, na kwamba atamtoa kwenye orodha leo hii. Kicheko kikaisha barabarani. Mikono ya Maman Régine ilikuwa imeshika mkanda wa lile sanduku la barafu kama mama anayeambiwa ampe mtu mwingine mtoto wake. Hata mimi, kwa umri ule, niliona kwamba anakaribia kunyang'anywa kitu anachokipenda, na kwamba aliyefanya hivyo ni mimi.

Alisogea kwenye geti letu. Akainama, akapitisha kidole juu ya ile nne. Kisha akageuza uso polepole akanitazama, akalitazama gauni langu la bluu lenye kifua cheupe, ambalo mama alikuwa bado hajalifua. Tulitazamana. Nilijua kwamba amejua. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa na urefu wa hatua tatu. Nilifunga macho nikingoja aseme jina langu.

"Ni mie, superviseur," akasema. "Nilichoka, akili ikapotea, nikaandika ovyo. Unisamehe. Ile ya mu karatasi njo ya kweli."

Msimamizi alimtazama muda mrefu. Nadhani naye alichoka, au alikosa wa kumweka badala yake. Akamwambia haya, abaki, lakini Nguba basi. Siku zilizobaki na kampeni zote zinazokuja atafanya Cimpunda, kule juu Kadutu, ambako wenzake wote walikuwa wanakataa kwa sababu ya milima na tope. "Kule hautabuni," akamwambia, "kule batoto bako." Maman Régine akaitikia kwa kichwa. Kabla ya kuondoka alimwambia mama, kana kwamba anaomba chumvi, "Maman Mapendo, kesho hakuna masomo. Unipatie huyu mutoto anisindikize."

Tulipanda asubuhi. Mimi nilikuwa mtoto wa chini, wa bustani na ziwa, na Kadutu niliijua kwa soko lake tu, nikiwa nimeshikwa mkono. Siku hiyo tulipita soko, harufu ya makayabu, samaki wa chumvi, na ya unga wa muhogo, tukaacha barabara ya magari, tukaanza ngazi zilizochimbwa kwenye udongo. Nyumba za mbao zilikuwa zimebebana mgongoni, bati la huyu likigusa kizingiti cha yule. Maji ya nguo yalishuka katikati ya njia. Kila nikigeuka, ziwa lilikuwa limezidi kuwa dogo. Maman Régine alikuwa anahema, anasimama, anahema, na hakuniambia neno lolote kuhusu jana, jambo lililoniogopesha zaidi kuliko kiboko.

Kisha akaita, kwa ile sauti ya kwaya: "Chanjo! Chanjo!"

Sijui walitokea wapi. Walitoka milangoni, chini ya meza za kuuzia mkaa, nyuma ya madumu ya maji, mmoja alitoka ndani ya karai. Watoto wenye kamasi, watoto wenye kiatu kimoja, mapacha waliovaa fulana moja kwa zamu. Walikuja wakiimba jina la chanjo kama jina la mchezaji mpira. Akina mama walibeba waliolia na kuvuta waliokimbia. "Ni bangapi hapa?" "Bane bangu, na bale batatu ba mukubwa wangu, tulitoka nabo Kalehe." Mlango wa pili: "Tano. Papa yabo iko ku Kamituga, anachimba." Chaki ikaandika saba, ikaandika tano, ikaandika tisa. Kwenye nyumba moja yenye vyumba vinne na familia nne, Maman Régine aliandika moja na kando yake mbili, na mimi sikuweza kusoma, kwa sababu tarakimu kubwa namna hiyo nilikuwa sijafundishwa. Nilisimama nimeshangaa. Kumbe watoto walikuwepo, walikuwa wengi kuliko nilivyoweza kuandika, na hakuna aliyewarudisha kwa chaki.

Na kwenye mlango wa kumi au wa kumi na moja alikuwepo Nadine. Alikuwa amembeba mdogo wake mgongoni kwa kitambaa, kama mama mzima, anakula muhogo.

"Bona hukuya kuniona?" aliniuliza, mdomo umejaa.

"Nilijua hauko tena," nikamwambia.

"Siko? Niko huku tu!" Akanikatia kipande cha muhogo, akaniuliza kama naweza kushuka mteremko kwa kukalia karai. Kidole chake kidogo hakikuwa na wino, kama changu, na alikuwa hajapotea hata kidogo.

Nadhani huo muhogo ndio ulionifungua mdomo. Tulipokaa kwenye ngazi kupumzika nilianza kulia, nikamwambia Maman Régine kwamba ni mimi.

"Minajua," akasema. "Nane yako iko na kitambi. Mie nane yangu haina kitambi. Sasa uniambie, bona ulifanya vile?"

Nikamwambia yote bila kupumua. Kwamba aliwapunguza kina Nadine wakapotea, na sasa amenipunguza mimi, na mama alisema moja tu, na papa ananituma Bagira. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka, na mpaka leo namshukuru kwa hilo peke yake, kwa maana lilikuwa la kuchekesha.

"Mapendo, sikia. Batu banaanza kuhama, kisha mie naandika. Mie sipotezake mutu," akasema. Akafuta kofia yake jasho, akaiweka magotini. "Na weye sikukufuta. Mie minahesabuka bale ugonjwa inaweza kubeba mbio, bale badogo. Mutoto akitimiza mitano, namutoa. Siku ile nilikutoa, nilisema ku roho: aksanti Mungu, kwa Maman Mapendo moja amevuka." Akatazama wale watoto waliokuwa wanashuka mteremko wakikalia karai. "Wangu mumoja hakuvuka. Alikuwa na myaka tatu."

Nilimpa muhogo uliobaki, naye akaupokea akaula.

Jioni aliponirudisha alikaa na mama jikoni, mlango umefungwa. Baadaye mama alitoka, macho mekundu, akaniweka mapajani ingawa nilikuwa mrefu kwa mapaja yake, akaniambia, "Mutoto wangu, miye nilikuwa nahesabu chanjo, sikuwa nakuhesabu weye." Papa naye hakusema mengi, papa hakuwa mtu wa mengi. Lakini habari ya Bagira haikutajwa tena mezani. Badala ya kungoja nyumba nzuri, alichukua vyumba viwili Cimpunda, milango mitatu kutoka kwa kina Nadine, na mwisho wa mwezi lori likasimama mbele ya geti letu. Nilikaa juu ya magodoro mimi mwenyewe, Mugisho kifuani, na tonton Deo akatupungia mkono mpaka kona.

Ninyi mliokulia kule juu hamhitaji kuelezwa yaliyobaki. Maji ya foleni, tope la Machi, mvua inayobisha bati mpaka mwalimu anasimamisha somo. Wanaotazama Kadutu kutoka mbali huona taabu tu, na taabu ilikuwepo, sitawadanganya. Lakini mimi nililelewa na mama kumi. Nilipigwa na mama ambao hata majina yao siyajui, na kulishwa nao vilevile. Sikuwahi kukaa peke yangu na jambo gumu, kwa sababu mahali pa kukaa peke yako hapakuwepo. Leo nikiona watoto wamehama tena, Kadutu imepungukiwa watoto na mtaa wa Panzi umefurika, kwa mambo ambayo watu wa rika langu hawahitaji kusimuliwa, najiambia kwamba hawakupotea, wako mlango fulani wanakula muhogo, na kwamba kinachotakiwa ni mtu wa kupanda kuwatafuta.

Maman Régine yuko hai. Magoti yamekataa kazi, kwa hiyo anakaa kwenye kiti mlangoni kwake na kuwaamuru wapita njia. Baada ya ile safari ya Nguba nilienda kumwona, na hatimaye nikasema neno nililolibeba miaka yote hii. Nikamwomba msamaha kwamba kwa ajili yangu alisemwa mbele ya watu, akaondolewa kwenye avenyu tambarare, akapanda Cimpunda miaka na miaka mpaka magoti yakaisha.

"Pardon ya nini?" akauliza, na ile sauti bado ipo. "Kule chini nilikuwa natembea siku nzima juu ya batoto sita. Nilikuwa narudi ku nyumba, na nyumba yangu nayo iko kimya. Weye ukanipeleka fasi batoto bako. Mapendo, mie njo sijakwambiaka aksanti."

Nikamshika mkono. Ili nisilie, nikaanza kumpa habari za nyumbani. Nikamwambia kwamba mtoto wangu wa mwisho ametimiza miaka mitano Jumanne iliyopita.

Alinitazama, akakaa vizuri kwenye kiti chake, akapiga vigelegele, peke yake, kwa nguvu zote za kifua kile, mpaka watoto wa njia nzima wakaja mbio kuuliza ni nani amejifungua.